Je, Huruma ni Sehemu ya Dawa?



Jumapili iliyopita tulifundishwa kutoka Marko sura ya 5, habari za yule mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12. Mahubiri yalihusu imani yake, na tulibarikiwa. Lakini mimi nilirudi nyumbani na jambo lingine kichwani: huyu mama alikuwa amekwisha kupona kabla Yesu hajasimama. Soma tena polepole utaona. Aligusa vazi, damu ikakoma pale pale, akajua mwilini mwake kwamba ni mzima. Kazi ya tiba ilikuwa imeisha. Na Yesu alikuwa na haraka, maana Yairo alikuwa anamngoja na binti yake alikuwa karibu kukata roho. Sasa, kwani alisimama ya nini? Kwa nini amtafute katikati ya umati mtu ambaye ameshapona, mpaka aje aeleze habari zake zote?

Nauliza kwa sababu nyumbani kwetu tumekuwa na mabishano yanayofanana na hayo.

Shangazi yangu ana miaka 78. Ana presha na sukari, na kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akitibiwa kwenye kliniki moja ya binafsi mjini, ambayo ndiyo familia yetu yote huenda. Daktari pale anajua kazi yake, hilo halina ubishi. Mimi ndiye niliyempeleka shangazi mara ya mwisho. Alipimwa, daktari akaangalia kadi, kisha akageuka akaniambia mimi: "Presha iko juu. Dawa aliyo nayo haitoshi." Shangazi akaanza kusema, "Daktari, usiku mimi..." Daktari akainua mkono kama mtu anayesimamisha matatu, akaendelea kuongea na mimi: "Mwambie apunguze chumvi. Hawa wazee hawasikii." Akaongeza dozi, akaita mgonjwa mwingine. Sidhani tulimaliza dakika tano.

Shangazi hakusema kitu mpaka tulipofika stendi. Hapo akaniambia, "Mwanangu, leo nimekuwa kama gunia la mahindi lililoletwa kupimwa kilo. Kwa huyo kijana sirudi."

Familia ikakaa kuzungumza. Binamu yangu mmoja, mtu wa maana na anayempenda mama yake, alisema hivi: daktari hatafutwi kwa tabasamu. Afadhali mkali anayejua dawa kuliko mpole atakayekuzika. Huruma ni nyongeza, ukiipata shukuru, ukiikosa meza dawa uende nyumbani. Wengi walimkubali, na nadhani hata hapa kanisani wengi wangemkubali. Ni hoja nzito. Mtu akiwa na mtoto mwenye degedege saa nane za usiku hamuulizi daktari kama ana adabu.

Hata hivyo siikubali, na sababu ya kwanza ni kile ambacho shangazi alikuwa anataka kusema.

Mojawapo ya vidonge vyake ni ile dawa ya presha inayotoa maji mwilini. Alikuwa anaimeza jioni pamoja na vingine, baada ya chakula. Usiku ikawa inamwamsha mara tatu au nne kwenda haja ndogo. Choo chake kiko nje, nyuma ya zizi la ng'ombe, na wakati wa mvua aliteleza hapo akaumia mkono. Akakaa akafikiri. Akaona akivunjika nyonga hatatembea tena, lakini presha haimuumi popote. Basi akaacha kile kidonge. Huo si ukaidi wa wazee. Ni hesabu ya mtu mwenye akili, ila hakuna aliyempa habari zote za kupigia hesabu hiyo.

Kwa hiyo siku ile daktari aliongeza dozi ya dawa ambayo haikuwa inamezwa. Hebu fikiri kama shangazi angerudi nyumbani akiwa na hofu, akaamua kutii na kumeza yote kwa nguvu mpya. Mzee presha ikishuka kupita kiasi, akisimama anapata kizunguzungu, na kizunguzungu gizani kwenye ile njia ya choo ndicho kitu chenyewe alichokuwa anaogopa.

Aliyeligundua jambo hili ni muuguzi wa zahanati ya karibu na kwake. Alimpa kiti, akamuuliza, "Mama, hiki unakimeza saa ngapi?" Swali moja tu. Akamweleza kwamba dawa ya namna hiyo kwa kawaida humezwa asubuhi, ili maji yatoke mchana. Akamwambia pia arudi kwa daktari aliyeiandika, aseme ukweli wote, ili ile dozi mpya iangaliwe upya.

Sasa binamu yangu anaposema daktari mkali anayejua, mimi namuuliza, anajua nini? Siku ile hakujua, kwa sababu aliyekuwa na habari alinyamazishwa. Kumsikiliza mgonjwa si maua ya kupamba tiba. Kipimo kinaonyesha namba, lakini habari za njia ya choo anazo mgonjwa mwenyewe, na hazitoki mpaka aone kwamba anayeuliza anataka kusikia. Lugha yetu yenyewe inajua hili: mgonjwa anaugua, na anayemhudumia anamuuguza, yaani yuko naye ndani ya kuugua kwake.

Lakini tuseme kidonge kilikuwa sawa. Tuseme alikuwa anakimeza vizuri na yale maneno ya usiku hayakuwa na faida yoyote ya kitabibu. Je, bado alistahili kusikilizwa? Hapa ndipo namrudia yule mama wa Marko. Alikuwa amepona na bado Yesu alisimama. Kwa miaka 12 watu walimwona ni ugonjwa unaotembea, najisi asiyeguswa, mfuko wa pesa za waganga. Alihitaji mtu mmoja amsikilize mbele ya watu mpaka amalize, kisha amwite binti. Damu ilikoma bila hayo. Yeye mwenyewe hakuwa amepona bila hayo.

(Marko, kwa njia, hakuficha kitu: anasema waganga wengi walimtesa, wakamla mali, na hali ikazidi kuwa mbaya. Ukisoma habari hiyo hiyo katika Luka 8, yale ya kuteswa na kuzidi kuwa mbaya hayapo. Paulo anatuambia Luka alikuwa tabibu. Madaktari tangu zamani wanasitiriana!)

Kuna jambo gumu ambalo sitaki kulikwepa. Yesu aliposimama, binti wa Yairo alikufa. Muda aliopewa mmoja ulitoka kwa mwingine, na sisi hatuwezi kwenda nyumbani kwa Yairo kumfufua mtu. Daktari wetu naye ana foleni mlangoni. Madaktari wa hospitali za umma nchini wamegoma siku 100 kufikia Machi 2017, na siku 56 mwaka 2024, na madai yao hayakuwa ya uongo. Hata kiapo cha madaktari wa dunia, Azimio la Geneva, kilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017 kiliongezewa kwamba daktari atatunza na afya yake mwenyewe. Mtu aliyechoka hukauka moyo. Nalielewa hilo, na ninamwombea. Lakini muuguzi wa zahanati naye alikuwa na foleni, na swali lake halikuchukua hata nusu dakika.

Wengine mtasema, shangazi asamehe aachie Mungu. Amesamehe, aliniambia hivyo yeye mwenyewe. Ila kusamehe hakumaanishi kukaa kimya. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na utu, na inataja utunzaji kutoka kwa familia na kwa serikali pia. Mzee kumwambia daktari, kwa adabu, "Hujanimaliza kunisikiliza," si dhambi wala si kiburi. Pengine ni kumsaidia daktari mwenyewe, maana kuna wazee wengine wanaokaa kwenye kiti kile na vidonge wasivyomeza.

Shangazi ameamua kurudi, kwa sababu ya ile dozi. Tumemwandikia kwenye karatasi kila dawa na saa anayoimeza. Tarehe yake ni Jumanne ijayo. Amesema ataingia peke yake, mimi nibaki nje kwenye benchi na mkoba.