Ukweli kwa Mtu Usiyemjua

Neno bima hatukulitunga sisi. Ukitembea mjini Delhi utaliona limeandikwa kwa herufi za Kihindi juu ya milango ya ofisi, na ukimwomba mpita njia akusomee, atalitamka kama unavyolitamka wewe. Ndivyo lilivyo neno laki, na ndivyo ilivyokuwa rupia, ambayo babu zetu wa pwani waliitumia kabla ya shilingi. Mwaka 2023 nilikaa wiki tano katika jiji hilo nikimuuguza kaka yangu, aliyekwenda kufanyiwa upasuaji wa moyo. Nilirudi na swali moja ambalo halijaniacha, nalo lilitoka ndani ya neno hilo hilo.

Sisi tulikuwa wageni, tukalipa taslimu, na fedha zetu zilikuwa za mchango wa ndugu na jamaa. Kila asubuhi nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha wagonjwa mahututi. Hapo nikajuana na bwana mmoja wa makamo, karani wa duka la vyuma kutoka Kanpur. Baba yake, mzee wa miaka 65, alikuwa ndani pamoja na kaka yangu. Aliniita "bhai sahab", kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake, nasi tukagawana chai na wasiwasi. Siku ya nne alinieleza yaliyomkuta.

Mwaka 2020 alikuwa amenunua bima ya familia. Bima ya namna hii huwa na fungu moja kwa watu wote wa nyumba. Fungu lake lilikuwa laki 5 za rupia kwa mwaka. Mzee akitumia laki 4, basi mke na watoto hubakiwa na laki 1 mpaka mwaka uishe. Ada yenyewe hupimwa kwa umri wa aliye mkubwa kuliko wote, na kwa hiyo mzee akiingizwa humo, bei hupanda kwa ajili yake. Fomu iliuliza: je, miongoni mwenu yuko mwenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo? Mzee alikuwa na kisukari cha miaka 9. Wakala wa bima akamwambia, "Andika hapana. Kila mtu huandika hapana." Naye akaandika hapana.

Ada akailipa miaka mitatu bila kukosa. Moyo wa mzee ulipoharibika, hospitali ilipeleka ombi kwa kampuni ilipe moja kwa moja, kama mkataba ulivyosema. Kampuni ikataka karatasi za zamani za matibabu, na katika karatasi hizo kikaonekana cheti cha daktari chenye jina la dawa ya kisukari. Ombi likakataliwa. Wiki iliyofuata ikaja barua nyingine: mkataba wote umefutwa, wa mzee, wa mke na wa watoto wawili.

"Bhai sahab," akaniuliza, "hebu niambie, nilimwibia nani?"

Sikumjibu. Nitasema baadaye kwa nini sikuweza. Kwanza nataka kulichukua swali lake kwa uzito unaolistahili, kwa kuwa hakuniuliza ili nimpoze. Aliuliza kwa kutaka kujua.

Jibu jepesi ni kwamba hakumwibia mtu, kwa kuwa kampuni ni tajiri. Lakini tufanye hesabu. Chukua familia 1,000, kila moja ikitoa ada ya rupia 20,000 kwa mwaka. Jumla yake ni rupia milioni 20. Fedha hizo, hata kama kampuni haitachukua senti ya mishahara wala faida, zinatosha familia 40 tu zenye kuhitaji laki 5 kila moja. Wakiingia wengi wanaojijua kuwa ni wagonjwa na kujiandika wazima, mwaka ujao ada itapanda. Ikipanda, wa kwanza kuondoka ni vijana wenye afya, wanaoona hawapati kitu. Wakiondoka hao, wanaobaki ni wagonjwa zaidi, na ada hupanda tena. Basi aliyeguswa na lile neno "hapana" si tajiri wa kampuni. Ni karani mwingine wa duka lingine, katika mji ambao rafiki yangu hajaufika, aliyeandika "ndiyo" na kulipa zaidi.

Hata hivyo jibu hilo peke yake si haki, kwa sababu linampima aliyesema uongo bila kuupima mlango aliousimamia. Je, ukweli ungempa nini? Kwa kanuni za wakati ule, kampuni iliruhusiwa kuweka muda wa kungoja hadi miaka 4 kwa ugonjwa uliokuwapo kabla ya mkataba. Iliweza pia kumpandishia ada, au kumkataa kabisa. Na mtu akivuka miaka 65 bila bima, kampuni nyingi hazikumpokea tena. Kwa hiyo mwenye kusema kweli alikaribia kuadhibiwa kwa kuisema. Huwezi kuweka mizani ambayo kila mkweli hupunjwa, kisha ukashangaa kwamba watu wanaegemea upande mwingine.

Kampuni nayo ina ukweli wake inaopaswa kuusema. Mikataba mingi imebeba sharti la chumba. Mtu ana bima ya laki 3, na ndani ya kurasa imeandikwa kuwa kodi ya chumba isizidi asilimia 1 ya fungu kwa siku, yaani rupia 3,000. Akilazwa katika chumba cha rupia 6,000, hudhani kwamba atalipa ile tofauti ya 3,000. La hasha. Kwa kuwa amechukua chumba cha bei maradufu, ada ya daktari na ya chumba cha upasuaji nazo hupunguzwa nusu. Tangu mwaka 2020 dawa, vipimo na vifaa vinavyopandikizwa mwilini vimeondolewa katika hesabu hiyo, lakini yanayobaki yanatosha kumlaza mtu macho. Je, huo ni uongo? Kila neno liliandikwa. Lakini ukweli uliowekwa mahali ambapo msomaji hatarajiwi kufika una udugu wa karibu na uongo.

Watunga kanuni wa India wamelitazama jambo hili. Mamlaka ya usimamizi wa bima, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ilibadili mengi mwaka 2024. Muda wa kungoja kwa ugonjwa wa awali sasa hauzidi miezi 36. Kikomo cha miaka 65 kwa mwenye kununua bima mpya kimeondolewa. Hospitali ikiomba kibali cha malipo, kampuni hutakiwa kujibu ndani ya saa 1, na mgonjwa anapotoka, ndani ya saa 3. La kunigusa zaidi ni hili: mtu akiisha kulipia bima yake miezi 60 mfululizo, kampuni haiwezi tena kuyakataa madai yake kwa kusema hakueleza yote, isipokuwa ithibitishe udanganyifu wa makusudi. Zamani ilikuwa miaka 8. Nauona huo kuwa uamuzi wa kimaadili na si wa kibiashara tu. Unasema kwamba shaka nayo ina umri wake. Huwezi kupokea fedha ya mtu mwaka baada ya mwaka ukiwa umekaa kimya, kisha siku ya msiba ndipo uanze kumchunguza.

Tena iko njia ambayo swali lenyewe haliulizwi. Septemba 2018 serikali ya India ilianzisha mpango wa bima ya hospitali kwa familia maskini zaidi ya milioni 100, laki 5 kwa familia kwa mwaka, ambao unalipiwa kwa fedha za umma. Mpango huo haumuulizi mtu kama ana kisukari. Ugonjwa wa zamani hutibiwa tangu siku ya kwanza. Oktoba 2024 wakaingizwa wazee wote wa miaka 70 na zaidi, wenye nacho na wasio nacho. Pale taifa zima linapobeba mzigo, mtu hana haja ya kujificha, na uongo hukosa kazi. Lakini karani wangu hakuwa maskini wa kutosha kuingia katika orodha, wala hakuwa mtumishi wa serikali mwenye matibabu yake. Mwaka 2021 NITI Aayog, chombo cha serikali cha ushauri wa mipango, kilikadiria kuwa watu wapatao milioni 400 walikuwa katika hali kama hiyo ya kati kwa kati. Hao ndio wanaodaiwa ukweli mzito kuliko wote, na ndio wenye mengi ya kupoteza wakiusema.

Basi nitamjibu nini? Nadhani nitamwambia hivi: Ndugu yangu, ulimwibia mtu kama wewe, na aliyekushauri alikuibia wewe. Lakini aliyepata hasara kubwa yuko nyumbani kwako. Ungaliandika "ndiyo", moyo wa mzee pengine usingalilipiwa mwaka huo, maana muda wa kungoja ulikuwa haujaisha. Katika hilo uongo haukukuongezea kitu. Ila mkataba ungalisimama, na mkeo na wanao wangalibaki ndani yake. Ulidhani unamsemea baba uongo mdogo wa huruma. Kumbe rehani uliyoiweka ilikuwa watoto.

Sasa niseme kwa nini siku ile nilinyamaza. Kabla hatujasafiri, mimi ndiye niliyeandika barua ya kuomba mchango. Daktari wetu alikuwa amesema kaka anahitaji upasuaji, na kwamba asicheleweshe. Mimi nikaandika kwamba asipopasuliwa ndani ya mwezi mmoja atakufa. Hakuna daktari aliyesema habari ya mwezi mmoja. Niliongeza kwa sababu naijua desturi: ugonjwa usiotisha haufungui mikoba. Nikiwa pale kwenye benchi niliona kwamba mimi na karani yule tulifanya kazi moja kwa kugeuza. Katika mchango mgonjwa huongezewa ugonjwa, na katika bima hupunguziwa. Kila mmoja wetu alikuwa ameutazama ukweli akauona hautoshi kumponya mtu wake.

Mzee alipasuliwa. Mwanawe aliuza dhahabu ya mkewe, akakopa kwa mwajiri wake, akalipa. Waliondoka siku mbili kabla yetu, mzee akitembea kwa mkongojo, na karani akanishika mikono yote miwili bila kulirudia lile swali.

Tulipofika nyumbani, jamaa walikusanyika niwasomee hesabu ya fedha zao. Nilisoma risiti moja moja. Nilipomaliza nikasema kwamba lile neno la mwezi mmoja nililitia mimi, halikutoka kwa daktari, na kwamba naomba radhi. Pakawa kimya. Kisha shangazi yetu mkubwa akasema, "Tulijua, mwanangu. Ulipoandika mwezi, tukasoma mwaka." Watu wakacheka, tukaendelea na chakula.

Nimeifikiria sana kauli ya shangazi. Watu wanaokujua wanaweza kukupunguzia uongo wako kama wanavyopunguza bei sokoni, wakabaki na kiasi cha ukweli kinachowatosha, nao wakakusaidia vivyo hivyo. Hiyo ndiyo rehema ya udugu, na ndiyo pia mipaka yake, maana asiye na shangazi wengi hana wa kumsomea barua. Bima iliundwa ili mtu asaidiwe hata na yule asiyemjua. Lakini mtu usiyemjua hana namna ya kukupunguza. Mbele yake kuna karatasi tu, na kilichoandikwa katika karatasi hiyo ndicho wewe.

Kwa hiyo rafiki akiniuliza leo juu ya kununua bima ya nyumba yake, huko India au kwetu, humwambia aketi na kila mtu wa nyumbani, amuulize ugonjwa wake, auandike wote kwa mkono wake mwenyewe asimwachie wakala, na abaki na nakala. Humwambia kadhalika asome habari ya chumba na ya muda wa kungoja kabla ya kusoma lile fungu kubwa lililoandikwa kwa herufi nene. Akinilalamikia kwamba akisema yote watamtoza zaidi, humkubalia kuwa ni kweli, watamtoza zaidi. Kisha humwuliza ni nani atakayeitoa hiyo ziada asipoitoa yeye.