Nani Aliyemuumba Muumba?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zangu wa pwani, watoto wetu vyuoni husomeshwa sifa 20 alizozieleza Imam Sanusi wa Tilimsani, aliyefariki mwaka 1490: Wujudi, Kidamu, Bakaa, mpaka mwisho. Walakini kijana akiuliza, "Ikiwa kila kitu kina muumba, Mungu kaumbwa na nani?" wengi wetu humkemea. Naye hunyamaza, lakini kunyamaza si kusadiki. Huenda tukasali naye safu moja, hali moyo wake umekwisha toka msikitini.

Jueni ya kwamba maulamaa hawakusema kila kitu kina muumba. Walisema: kila kilichokuwa hakipo kisha kikawapo, kina aliyekileta. Naye Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akasema: kila kiwezacho kuwapo na kutokuwapo, hata kikiwa hakina mwanzo, hakisimami kwa nafsi yake, hapana budi kitegemee aliye Wajibu kuwapo.

Nitapiga mfano. Hapa Mwanhuzi, katika Meatu, mito hukauka wakati wa kiangazi, na watu huchimba mchangani wapate maji. Tuseme maji hayo yapokezwa ndoo kwa ndoo. Refusha safu ya ndoo hata isiwe na mwisho: ndoo haizai maji, na kuongeza ndoo si kuongeza kisima. Pasipo kisima, zote ni tupu. Na mfano una mpaka wake, kwani kisima nacho chahitaji mvua. Mungu hahitaji kitu.

Mwaka 1948, katika redio ya BBC, Bertrand Russell alimjibu padri Copleston kwamba kila mtu ana mama, lakini jamii ya wanadamu haina mama. Basi na ulimwengu usidaiwe sababu. Ni kweli, si kila sifa ya sehemu huwa sifa ya jumla. Lakini uhitaji hauondoki kwa kukusanywa: mafakiri elfu wasio na senti hawafanyi tajiri mmoja.

Basi hoja hii yatimia kwa akubaliye kwamba hapana kitu kiwacho bure pasipo sababu. Walakini hutufikisha mlangoni tu, kwa Asiyehitaji. Kwamba asikia dua ya mwenye dhiki, hayo twayajua kwa wahyi. Sanusi mwenyewe, alipofika katika Kusikia, Kuona na Kusema, alishika dalili ya Kitabu, Sunna na Ijmaa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kijana wako akiuliza, mkalishe umjibu. Ukikosa jawabu, mpeleke kwa ajuaye, wala usimfukuze. Kwani aulizaye angali anatafuta.

Ewe Mola, tuthibitishie imani zetu na za watoto wetu. Amin. Wallahu aalam.