Mwenye Rungu

Nyumbani Daudi, wilayani Mbulu, nimekua nikisikia kwamba sisi Wairaqw tulitoka Misri. Wengine husema Iraki, kwa sababu tu majina yanafanana. Siku moja bwenini mwenzangu alinicheka kwamba kwetu hakukuwa hata na mfalme. Nikamjibu kwa farao, nikatembea kifua mbele siku nzima.

Leo najiuliza: nilikuwa nadai nini hasa?

Ukweli upo, ila ni mdogo. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, na lugha za Kikushi zimo katika familia moja na Kimisri cha kale, pamoja na Kisomali, Kihausa na Kiarabu. Lakini matawi hayo yalitengana maelfu ya miaka kabla ya farao wa kwanza. Ni undugu wa mbali, si urithi wa taji. Na huku kwetu, kwenye uwanda wa Mbulu, wanaakiolojia wamefukua Luxmanda, makazi ya wafugaji ya miaka 3,000 hivi iliyopita. Kilichoonekana pale ni mabaki ya mifugo na vyungu, si kasri.

Na farao mwenyewe je? Bamba la Narmer, lililofukuliwa mwaka 1898 huko Hierakonpolis, linamwonyesha mfalme ameinua rungu juu ya mtu aliyepiga magoti. Upande wa pili wamelazwa watu 10 waliokatwa vichwa. Kaburi la Djer, aliyetawala baadaye kidogo, limezungukwa na makaburi zaidi ya 300 ya watu wake, na wataalamu wengi wanaamini kwamba waliuawa ili wamfuate. Nilipojigamba, nilijiona mimi ndiye mwenye rungu. Kwa hesabu ya kawaida, ningekuwa mmoja wa wale 300.

Simlaumu Cheikh Anta Diop, aliyesimama Cairo mwaka 1974 kutetea Uafrika wa Misri. Aliwajibu watu waliodai kwamba kila jambo kubwa barani humu lililetwa na wageni, na jibu lile lilihitajika. Ila mimi nilikuwa nakubali kipimo chao kingine: kwamba asiye na kiti cha enzi hana historia.

Wazee wetu wa Irqwa Da'aw, au Mama Isara, walilima miteremko mikali kizazi baada ya kizazi. Walizuia udongo usichukuliwe na mvua, wakatia mashamba samadi ya ng'ombe, na ugomvi wakaumaliza kwenye vikao. Machifu waliwekwa na wakoloni. Kazi hiyo yote haikuchongewa bamba, lakini watu walikula.

Mwenzangu akinicheka tena, nitakubali: ni kweli ndugu yangu, hatukuwa na mfalme. Kisha nitamwuliza: na wa kwenu, alizikwa na nani?