Usiku wa Matanga, Nani Achague Wimbo?

Somo: Mithali 25:20, Mathayo 9:23-25



Jumapili iliyopita baada ya ibada, kijana mmoja anayetutunzia spika na kinanda alinifuata nje. Anasoma chuo Nairobi, na wenzake wamemwomba awe diijei kwenye karamu ya Halloween, ile ya tarehe 31 Oktoba ambapo watu huvaa kama mizimu na mifupa. Akaniuliza, "Pastor, nikichagua nyimbo safi peke yake, kuna makosa?" Nikamjibu haraka: usiende. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Sawa Pastor. Na ile ya hapa nyumbani? Juzi nimeitwa kupiga disko matanga. Hiyo mbona hatuongei?"

Sikuwa na jibu la haraka tena.

Ya mbali ni rahisi kuhukumu, kwa hivyo tuanze nayo. Jina Halloween lilitoka kanisani: ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba. Lakini kule Ireland, tangu zamani, siku hizo watu waliamini kwamba wafu wanakaribia walio hai. Wahamiaji wakaipeleka Marekani, biashara ikaichukua, na leo hata Nairobi klabu zinaitangaza. Sasa, hofu iliyo nyuma yake si ngeni kwetu. Wazee wetu walikuwa na tero buru: mzee akifa, wanaume walitoka na ng'ombe, mikuki na nyimbo ili kufukuza kifo kisibaki bomani. Binadamu ni yule yule. Usiku wa kifo hutafuta sauti, kwa sababu ukimya unatisha.

Disko matanga nayo inafunika ukimya huo huo, ila imeongeza pesa. Sisi wa Ogwedhi tunaijua vizuri. Jenereta inanguruma, spika zinapangwa karibu na hema, watu wanatoa pesa kununua wimbo au kuubadilisha, na mchango huo unaenda kwa jeneza na bili ya mochari. Machifu wameipiga marufuku mara nyingi, kwa sababu gizani kule wasichana wa shule wameharibiwa. Mzazi analala akijua binti yuko matangani, kumbe binti yuko shambani na mtu asiyemjua. Hiyo si hadithi. Tumelea wajukuu waliotokana na usiku kama huo.

Wengine wetu tunasema shida ni mdundo: ohangla ni ya dunia, sebene ni ya dunia. Tuseme ukweli. Gitaa la sebene tunalolikemea usiku wa Ijumaa, Jumapili tunalichezea mbele ya madhabahu. Na kelele? Kanuni za NEMA za mwaka 2009 kuhusu kelele zinataja hata nyumba za ibada. Kwa hivyo mdundo peke yake hautatupa jibu.

Mithali 25:20 inatupa kipimo kingine. Sulemani anasema kumwimbia mtu mwenye moyo mzito ni kama kumvua nguo siku ya baridi. Angalia vizuri: hasemi wimbo ulikuwa mchafu. Pengine ulikuwa wimbo mzuri kabisa. Ubaya wake ni kwamba aliyeimba hakumtazama aliyekaa mbele yake. Hapo ndipo swali la kijana wetu, "nyimbo safi peke yake", linapungukiwa. Wimbo unaweza kuwa safi na bado ukawa ukatili. Hata pambio letu, likipigwa kwa sauti ya kupasua masikio ili boma la jirani lijue tuna spika kubwa, linamvua mama huyo nguo kwenye baridi.

Sasa twende nyumbani kwa Yairo. Yesu alipofika alikuta wapiga filimbi na watu wakifanya kelele, akawaambia waondoke. Mahubiri yetu mengi yanaishia hapo: toeni disko! Lakini endelea kusoma. Baada ya kuwatoa, yeye mwenyewe aliingia ndani, akamshika yule binti mkono. Sisi tumejifunza kutoa, bado hatujajifunza kuingia.

Wacha niungame. Kuna boma tuliloliambia wasilete disko, wakatii. Tukaomba, tukaimba nyimbo mbili, na saa tatu usiku tukapanda boda boda tukaenda kulala. Mama alibaki na taa moja na watoto wanne. Usiku wa pili disko ilikuja. Nilikasirika sana. Leo ninajiuliza: nilitaka afanye nini? Bili ya mochari ilikuwa pale pale, na hakuna aliyebaki kumshika mkono.

Mtu atasema, "Pastor, bila muziki vijana hawaji, na usiku ni mrefu." Ni kweli. Lakini rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba, usiku na mchana, bila neno. Walianza kukosea walipofungua mdomo. Na Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane, na wafungwa wakawasikiliza. Kuna wakati wa kunyamaza na kuna wakati wa kuimba. Anayejua ni wakati gani ni yule aliyekaa karibu.

Kwa hivyo nilimtafuta tena yule kijana. Kuhusu Halloween bado nilimwambia asiende, maana sioni vile mtu aliyeoshwa kwa damu atafanya mizimu kuwa mchezo. Lakini kuhusu matanga nilimwambia: nenda, na mimi nitakuja. Peleka spika ndogo. Muulize mama anataka kusikia nini, na akitaka kimya, zima. Mwenye kulia ndiye achague wimbo.

Akaniuliza, "Na akiomba ile benga ya D.O. Misiani ambayo marehemu alipenda?" Lo! Nilifikiri sana. Singeipiga kwa spika ya kanisa. Lakini nikisikia mama anaiimba polepole huku analia, sitainuka kumkemea. Nitabaki kwenye kiti changu kando yake. Kulia na wanaolia, Warumi 12:15, hakujawekewa sharti kwamba walie kwa wimbo wetu.

Basi msiba ukitokea kwetu tena, wazee wawili walale pale mpaka asubuhi. Akina mama wahesabu wasichana na kuwafikisha nyumbani mapema. Na kikapu cha mchango kipite Jumapili, kabla bili haijamlazimisha mtu kumwita diijei. Tukishindwa kufanya hayo, tusishangae jenereta ikinguruma.

Bwana atupe masikio ya kumsikia aliye na moyo mzito. Amina.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:
1. Matanga ya mwisho uliyoenda, uliondoka saa ngapi, na nani alibaki na wafiwa?
2. Je, kuna wimbo mzuri ulioimba mahali ambapo ulipaswa kunyamaza?