Kutisha kwa Mkono Mtupu: Je, Ni Uongo?

Mtu asiye na kitu mkononi aweka dau kubwa mezani. Mwenzake mwenye karata njema aingiwa na hofu, azitupa, na fungu lote lamwendea yule asiye na kitu. Je, amesema uongo? Swali hili laweza kuonekana dogo, tena la watu wasio na kazi. Sisi twaliona kubwa, kwa kuwa wako wanaotaka kuyapima mambo ya sokoni kwa desturi za meza hiyo.

Twausema mchezo wa poka, hasa ule wa namna ya Texas. Kila mchezaji ana karata mbili za siri. Karata nyingine tano hufunuliwa katikati ya meza kwa ajili ya wote, na watu huweka dau kwa duru. Duru ya mwisho ina shida yake. Karata zote zimekwisha kutoka, wala hakuna tumaini la nyingine. Mwenye karata hafifu hushinda kwa njia moja tu, yaani wenzake wajitoe. Ndivyo alivyofanya Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, huko Las Vegas mwaka 2003, alipobaki na Sammy Farha peke yao katika mashindano makuu ya poka. Karata alizozingojea hazikutokea, hana hata jozi. Akaweka dau lote alilokuwa nalo. Farha, aliyekuwa na jozi ya tisa, akafikiri sana, akajitoa. Mwishowe Moneymaker aliyashinda mashindano, akapata dola milioni 2.5.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akieleza habari za mavizio ya vita na kumtaja Yoshua mbele ya mji wa Ai, alifundisha kwamba kumdanganya adui kwa maneno ya uongo au kwa kuvunja ahadi si halali kamwe, bali kumficha nia yako yaruhusiwa. Ni jibu jema, lakini halitutoshi hapa. Mwenye kutisha hafichi tu. Ataka mwenzake asadiki jambo lisilo kweli.

Basi tuitazame hesabu yenyewe. Tuseme fungu la mezani ni shilingi 100, nawe waweka dau la 100. Mwenzako akitaka kuona karata zako hana budi kulipa 100 ili apate 200. Ukitisha mara moja katika kila mara tatu uwekapo dau hilo, kwake ni mamoja, akufuate au ajitoe. Ukiweka 50 tu, kipimo ni mara moja katika nne. Ukizidisha, atakufuata kila mara na kukumaliza. Ukipunguza mno, atajitoa kila mara, na karata zako njema hazitakuletea faida. Tena si kila karata mbovu ni ya kutishia. Zile za wastani zaweza kushinda zenyewe zikifunuliwa bila dau. Afadhali atishe mwenye zile zisizoweza kushinda kabisa. Na asiyejitoa kamwe hatishwi (wapo wa namna hiyo katika kila kijiwe cha karata).

John von Neumann, mtaalamu wa hesabu mzaliwa wa Budapest, aliyaeleza mambo ya namna hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1944 pamoja na Oskar Morgenstern. Nasi twaona humo jambo kubwa kuliko kamari. Mwenye kutisha kwa kipimo cha haki aweza kumtangazia mwenzake kipimo chake waziwazi, asipoteze kitu. Mwongo hawezi. Siku atakapotangaza kwamba neno lake moja katika matatu ni la uongo, amekwisha. Ndiyo maana twasema dau si ushuhuda. Dau lasema: lipa au ondoka, na wote waliokaa pale walijua hivyo kabla ya kukaa.

Mwaka 1968 Albert Carr aliandika katika Harvard Business Review kwamba biashara nayo ina kanuni zake kama poka, hivyo kutisha na kuficha humo si kosa. Tumwombe basi mfanyabiashara aandike kipimo chake juu ya mlango wa duka. Mama anayenunua dawa ya mtoto hakuja kucheza, wala hajui kwamba kuna meza.

Hata mezani penyewe lipo jambo ambalo hesabu hailigusi. Wazoefu hufundishana kumtisha mtu aliyeleta fedha asizoweza kuzipoteza, maana huyo hujitoa upesi. Katekisimu ya mwaka 1992 haiukatazi mchezo wa bahati kwa wenyewe, ila unapomnyima mtu mahitaji yake na ya watu wake. Yule anayetetemeka mbele yako ameweka karo ya mwanawe, nawe umeliona hilo usoni mwake, na kwa sababu hiyo hasa waongeza dau.