Barabara ni ya Nani?

Likitajwa neno utamaduni, wengi wetu hufikiria ngoma, mavazi na methali. Walakini namna watu wanavyosafiri nayo ni sehemu ya utamaduni wao, kwani njiani ndipo huonekana jinsi wanavyothaminiana. Kwa hiyo yafaa tujiulize: je, mtu aendeshaye gari kubwa peke yake mjini, anawajibika kuliacha akachukua dogo, au akapanda basi pamoja na wenziwe?

Lugha yetu imekwisha kutoa ushahidi. Baada ya uhuru watu walibuni jina la "Wabenzi", kana kwamba wenye magari ya Mercedes-Benz ni kabila jipya. Baadaye likaja "shangingi", jina la gari kubwa la wakubwa. Majina yote mawili yana kejeli ndani yake, na kejeli ya umma haizuki bure.

Mwenye gari hujitetea akasema, "Nimelinunua kwa jasho langu." Ni kweli, gari ni lake, lakini barabara si yake. Basi refu la mwendokasi la Dar es Salaam, lenye urefu wa mita 18, hubeba watu zaidi ya 100. Nafasi hiyo hiyo hujazwa na magari makubwa matatu, ambayo mara nyingi yana watu watatu tu ndani yake. Tena gari la tani 2 humchukua mtu wa kilo 70, likichoma mafuta ambayo taifa huyanunua ng'ambo kwa fedha za kigeni. Hapo haki ya mmoja huanza kula haki ya wengi.

Simsemi mgonjwa, wala mlemavu, wala mganga apitaye njia za matope kwenda vijijini. Kwao gari ni chombo cha kazi. Nawasema wale tunaolipanda ili tuonekane.

Iko hoja nyingine nzito zaidi: kwamba mabasi ni taabu. Nayo ni kweli. Shirika la Usafiri Dar es Salaam liliundwa mwaka 1974, lakini mabasi yake hayakutosheleza mji uliokua upesi. Mwaka 1983 magari ya watu binafsi yakaruhusiwa, nayo yakaitwa daladala kwa sababu ya nauli ya shilingi 5, yaani "dala". Watu wakapata usafiri. Lakini mwanafunzi, kwa kuwa nauli yake ni ndogo, akaonekana mzigo. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, safari zilifupika, ila msongamano haukwisha.

Mimi mwenyewe nilipata kupewa gari la ofisi. Asubuhi moja ya masika, nikiwa nimefunga vioo, nilimwona kondakta akimsukuma mtoto wa shule atoke mlangoni mwa daladala, mvua ikinyesha. Nilisikitika, nilipofika ofisini nikasahau. Baadaye gari liliharibika, nami nikapanda basi kwa miezi mitatu. Watoto wa namna ile nikawaona kila siku, mabega yetu yakigusana, na kusahau kukanishinda. Niliandika barua kwa wahusika, nikasimama mikutanoni kuwatetea. Gari lilipotengenezwa nililirudia na, nakiri kwa haya, barua zangu zikakoma.

Sikuwa nimegeuka kuwa mtu mbaya. Nilikuwa nimebadili kiti tu. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wenye sauti wakitoka katika basi, basi hubaki bila msemaji. Likikosa msemaji huharibika, na kuharibika kwake huwapa wenye sauti sababu ya kutorejea. Asiye na gari hawezi kuukata mviringo huu, maana yeye hana la kuchagua. Wajibu humwangukia mwenye kuchagua.

Basi ninyi vijana, ambao leo mnasimama kituoni huku madaftari yakilowa, iko siku baadhi yenu mtakabidhiwa funguo. Chukueni gari la kadiri ya haja yenu, na hata siku mbili kwa juma pandeni basi. Msilipande kwa kuwahurumia walio ndani. Lipandeni ili msisahau kwamba mlikuwa miongoni mwao.