Maziwa Jikoni

Anayechemsha maziwa hageuki nyuma. Anayatazama. Yakianza kupanda, hapigi kelele, anapunguza moto.

Ndivyo alivyofanya Rais Nelson Mandela huko Pretoria, mwaka 1994. Zelda la Grange, mpiga taipu kijana wa ofisi ya rais, alitoka jamii ya Makaburu na alikuwa amekua akiambiwa kwamba mtu huyo ni wa kuogopwa. Siku moja wakakutana ana kwa ana. Mandela akampa mkono, akamsemesha kwa Kiafrikaans, lugha ya kwao. Lugha hiyo alikuwa amejifunza akiwa mfungwa, ili awaelewe waliomfunga.

Binti akaangua kilio.

Rais hakuuachia ule mkono. Hakukemea. Hakuharakisha. Alimtuliza kwanza.

Zelda akawa katibu wake, akabaki naye hata baada ya Mandela kuondoka madarakani, mpaka alipofariki mwaka 2013. Mshahara pekee haumweki mtu hivyo.

Wakubwa wengi wa kazi husoma ripoti vizuri kuliko nyuso. Wewe leo, msikilizaji, kabla hujauliza ripoti iko wapi, mtazame usoni anayeileta.